Ijumaa Tuliyoachiwa na Mpangaji

Mpangaji wetu wa uani alifika Mlandege na sufuria mbili, kisu kimoja na sanduku la vitabu. Nguo zake zote zilienea kwenye begi la mgongoni. Nilimpokea peke yangu, kwa sababu mume wangu alikuwa dereva wa lori na wiki ile alikuwa njiani kwenda Tunduma. Watoto wetu walikuwa wameshaondoka kwenda kujitegemea, na mambo ya nyumba yetu ya Iringa nilikuwa nayaamua mimi. Chumba kilikuwa na mlango wake, umeme na maji. Nilichotaka ni mpangaji asiyesumbua.

Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, Myahudi, mzaliwa wa Moroko aliyekulia Israeli. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kilimo. Safari hii alikuwa amekuja kukaa na wakulima wa nyanya wa Ilula, kuwaonyesha namna ya kumwagilia kwa matone ili mashamba ya bondeni nayo yapate maji. Kiswahili alikuwa nacho. Alikiokota Kenya ujanani, na watu wa mtaani kwetu walipenda kumsikiliza tu anavyokizungumza.

Jioni ya kwanza nilimchinjia jogoo. Mimi ni Mhehe, na nyumbani kwa wazazi wangu mgeni wa kutoka mbali hakuwekewa mboga za majani peke yake. Nikapika ugali, nikaandaa meza, nikamwita. Akanawa, akaketi, akalitazama bakuli, kisha akaniambia taratibu kwamba hataweza kula. Nyama kwao lazima ichinjwe na mtu wa imani yao aliyesomea kazi hiyo, na vyombo vya kupikia navyo vina masharti yake. Kama kulikuwa na parachichi na ndizi, angeshukuru.

Nilinuna, na nilikuwa na haki ya kununa. Jogoo yule nilimlea tangu kifaranga. Nikamwambia waziwazi, "Mzee, kwetu mgeni akikataa chakula, amemkataa mwenye nyumba."

Hakujitetea. Alisema, "Basi nimekukosea, mama. Sheria yangu siwezi kuiacha, lakini sitaki kuanza kwa kukukosea. Niambie nifanye nini."

Sikuwa nimetegemea kuulizwa hivyo. Nikamwambia ale parachichi, na jogoo nikampelekea jirani yangu fundi cherehani, mama aliyekuwa analea wajukuu. Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua sufuria mpya na mwiko mpya, nikamwambia hivi ni vyake, vitakaa jikoni kwangu na hakitapikwa humo kitu chochote asichokula. Alivishika kwa mikono miwili. Halafu akaomba kila nikimpikia nimwite aje awashe moto yeye mwenyewe, kwa sababu kwa sheria yao chakula cha jirani kinalika ikiwa na yeye ametia mkono. Ikawa ndiyo kazi yake. Akisikia naosha maharage, anakuja na kiberiti.

Hapo ndipo nilipomwamini. Mtu anayetaka urahisi angekula yule jogoo na kunyamaza. Huyu alinipa shida kidogo kwa sababu alitaka tukae pamoja kweli.

Wiki hiyohiyo akaniomba jambo la pili. Alisema Ijumaa jioni, jua likizama, Sabato yao inaanza, na usiku wa Sabato mtu hali peke yake. Huko kwao angekuwa na watoto na wajukuu. Akauliza kama angeweza kutumia meza yangu ya sebuleni na kualika watu.

"Watu gani?" nikamuuliza. "Humjui mtu hapa."

"Ndiyo sababu ya kualika," akasema.

Ijumaa asubuhi alikanda unga, akaisuka mikate miwili kama nywele za mtoto wa kike, akaioka kwenye sufuria yenye makaa chini na juu ya mfuniko. Chai ya maziwa ilipoiva, jua lilikuwa linaelekea vilimani. Mimi nilikuwa nimemwalika yule fundi cherehani na balozi wetu wa nyumba kumi, seremala Mkatoliki mwenye maneno mengi. Mzee akaongeza mwalimu mmoja kijana, dada wa Kibena aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amemkuta bombani, akamsalimia, akamwambia jioni aje kula. Yule dada alikuja na woga, ameshika simu mkononi kana kwamba atapigiwa aondoke. Baadaye alituambia kwamba tangu ahamishiwe Iringa alikuwa hajaingia nyumba ya mtu yeyote.

Mzee aliwasha mishumaa miwili, akaimba maneno ya Kiebrania juu ya mikate, akaimega na kutugawia yenye chumvi kidogo. Alisema kwao hubarikiwa pia divai ya zabibu. Balozi akauliza kwa nini asibariki ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana Iringa ulanzi upo na zabibu hazipo. Mzee akasema atalifikiria, na alionekana kweli analifikiria.

Ndipo akatusimulia habari ya Ibrahimu. Sisi Walutheri habari hiyo tunaijua. Nimeisikia kanisani tangu utoto. Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema, jua kali, anawaona watu watatu, anakimbia kuwalaki. Mzee alituambia walimu wao wa zamani waliisoma kwa makini sana. Walisema hema lile lilikuwa wazi pande zote nne, ili msafiri akitokea upande wowote asihangaike kuutafuta mlango. Walisema Ibrahimu aliwaahidi wageni kipande cha mkate tu, kisha akawaletea ndama, kwa hiyo mtu mwema anasema machache na kutenda mengi. Na walisema jambo ambalo mimi lilinishtua. Wakati wale wageni wanatokea, Mungu mwenyewe alikuwa amemtokea Ibrahimu, wapo katika mazungumzo. Ibrahimu akayakatiza, akawakimbilia wapita njia.

"Alimwambia Mungu asubiri?" nikamuuliza.

"Alimwambia asubiri. Na walimu wetu wanasema alifanya sawasawa."

Nikamwambia mchungaji wangu asingekubali. Kisha nikamtega. Nikamkumbusha kwamba kwenye habari hiyohiyo Ibrahimu aliwawekea wageni siagi, maziwa na nyama ya ndama kwa pamoja, na yeye mzee alishaniambia Wayahudi hawachanganyi maziwa na nyama. Mzee akaweka mkate chini, akacheka mpaka akafuta macho. Alisema watu wake wamebishana juu ya hilo karne nyingi, na sasa mama wa Mlandege naye ameingia kwenye ubishi. Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza maswali ya Maandiko kama mtu anayemuuliza mwenzake.

Walipoondoka, alimsindikiza kila mmoja mpaka langoni kwake, hata balozi ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliporudi aliniambia amefurahi kukuta Kiswahili kina neno zima kwa ajili ya jambo hilo, kusindikiza. Kwao wanafundishwa kwamba kumsindikiza mgeni kuna thawabu kubwa kuliko kumkaribisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mgeni anapoingia anajua anatakiwa. Anapotoka ndipo anapokuwa na wasiwasi.

Ijumaa zikaendelea. Sikuziona kama kitu kikubwa wakati ule. Niliona tu kwamba mwalimu wa Kibena ameanza kupita asubuhi kunisalimia, "Kamwene, mama," na kwamba mjukuu mmoja wa fundi cherehani, aliyekuwa hawezi hesabu, sasa anazifanya kibarazani kwangu akisaidiwa na mwalimu huyo. Mume wangu akirudi safarini anakuta nyumba ina watu, analalamika, kisha anavuta kiti.

Msimu wa baridi ulipoingia, mzee aliacha kuniuliza maswali ya Maandiko. Nilipomuuliza, alisema siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba yake inakaribia. Kuna sala ambayo mtoto humwombea mzazi wake siku hiyo, lakini haisemwi peke yake. Lazima Wayahudi kumi wawe mahali pamoja. Alikuwa amezoea kuisema kila mwaka, na Iringa nzima hakuwa anamjua Myahudi mwingine hata mmoja.

Nikamweleza balozi. Alilichukulia jambo hilo kama kazi yake kabisa. Kumi ni hesabu yake. Jioni ya siku hiyo nyumba yangu ilijaa Wahehe, Wabena na Wakinga, wengine Walutheri, wengine Wakatoliki, wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Mzee alitoka chumbani akasimama mlangoni. Mshumaa aliomwashia baba yake ulikuwa unawaka tangu jana yake.

Akatuambia, "Nawaambia kweli kwa sababu ninawaheshimu. Kwa sheria yetu ninyi hamhesabiki katika wale kumi, na sala ile sitaisema. Lakini baba yangu angewahesabu wote. Kaeni, niwaambie alikuwa nani."

Hakuna aliyechukia. Nadhani ni kwa sababu hakutudanganya. Alitusimulia habari za baba yake, fundi wa matandiko ya punda, aliyeweka kiti nje ya karakana yake kwa ajili ya mtu yeyote aliyechoka, na wateja wakigombana naye kwa sababu kiti kile kilikuwa hakikosi mtu. Alipomaliza, balozi akasimulia habari za baba yake mwenyewe. Na mimi nikasimulia za baba yangu, mzee mkali wa Kilolo, ambaye tangu tumzike sikuwahi kumzungumzia mbele za watu. Tulikula mayai ya kuchemsha na maharage. Mzee akatueleza kwamba kwao mfiwa akitoka makaburini, mlo wa kwanza hautoki jikoni kwake. Majirani huuleta kutoka majumbani kwao, ili mtu asiyetaka kuishi siku ile alishwe na wengine.

Kazi yake ya Ilula ilipoisha alirudi kwao. Sufuria aliniachia. Tunazungumza mpaka leo kwa ujumbe wa sauti, na wa Ijumaa lazima niutume mapema, kwa sababu jua likizama kwao anazima simu.

Miaka michache baadaye mume wangu aliacha lori. Yeye ni Mnyakyusa, na alitaka uzee umkute karibu na ndugu zake, kwa hiyo tukauza nyumba ya Mlandege na kujenga Mbeya, kwenye mtaa mpya mlimani juu ya jiji. Kiwanja kilikuwa kizuri ila kilikatwa na njia ya miguu. Wanawake wa Kisafwa waliokuwa wanalima viazi huko juu walikuwa wanapita hapo kushuka barabarani tangu kabla hapajawa na nyumba hata moja. Majirani waliotutangulia walikuwa wameshajenga kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, na njia nyingine zote zilikuwa zimezibwa. Yetu ndiyo iliyobaki.

Fundi alikuja na tofali tayari. Nikamwambia asizibe. Mume wangu alidhani natania.

"Njia ya watu ndani ya uwanja wetu?" akasema. "Hii itakuwa stendi, siyo nyumba."

Nilimkumbusha lile hema la pande nne. Alisema Ibrahimu hakuwa na televisheni ya kuibiwa. Tulibishana siku kadhaa, na kwa kuwa alinizoea, alijua ninakokwenda. Mwishowe tukakubaliana ukuta ujengwe, lakini njia ibaki, na kila upande pawe na lango dogo linalofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku. Fundi alitoa maoni yake kwa kutikisa kichwa, akajenga.

Ijumaa ya kwanza baada ya kuhamia nilipika wali wa mchele wa Ubaruku, anakoishi binti yetu na mume wake mwenye mashine ya kukoboa, na maharage kwenye ile sufuria. Nilikuwa nimegonga malango ya jirani zangu mmoja mmoja. Walinijibu vizuri, wakanishukuru. Hakuja mtu. Tulikula wali mimi na mume wangu siku mbili.

Ijumaa iliyofuata nikapika tena. Mama mmoja wa viazi, mnene, mcheshi, aliyekuwa anapita njia yetu kila siku, alisimama akachungulia meza niliyoitandika barazani.

"Mama, unauza nini?" akauliza.

"Siuzi kitu. Karibu ule."

"Ni kanisa?"

"Si kanisa. Nina kanisa langu, sikuiti huko."

Akafikiri. "Basi ni zile dawa za kupunguza mwili. Wifi yangu aliitwa hivihivi kula, akatoka na makopo."

Nilicheka, nikamwambia aingie ajionee kama kuna makopo. Aliingia, akala, akaendelea kutazama nyuma ya milango. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye barabara ya lami, yeye na gunia lake tupu. Huko ndiko alikoniambia habari za mtaa wangu mwenyewe: nani anaishi nyuma ya ukuta upi, nani mgonjwa, nani ana mtoto mdogo na hana wa kumsaidia. Alikuwa anawauzia viazi langoni. Watu wale walikuwa hawajuani, lakini yeye alikuwa anawajua wote.

Kwa hiyo ni yeye aliyenijengea Ijumaa ya Mbeya. Akipita na viazi anawaambia, kule kwa Mhehe kuna chakula, nimekula, sijaombwa chochote. Akaja muuguzi mmoja na mtoto wake mgongoni. Wakaja bwana na bibi wa Kisangu waliostaafu, waliokuwa wanaishi ukuta mmoja na sisi na hatujawahi kuonana sura. Akaja bodaboda wa pale kona. Wengine walianza kuja na sahani zao, na mimi sikuwazuia. Baridi ya Mbeya ikizidi tunahamia ndani na kubanana. Sikuwasha mishumaa wala sikuimba Kiebrania. Hivyo ni vya mzee na watu wake. Nilichukua kile nilichoweza kukibeba.

Nyumba iliyotufuata kwa juu mlimani ilikuwa ya bwana mmoja mstaafu wa benki kutoka Kagera. Lango lake lilikuwa jeusi, halifunguki ila kwa gari. Nilimgongea mara nyingi, na kila mara alinijibu kwa adabu kupitia kitundu kwamba mke wake hajisikii vizuri. Asubuhi moja mama wa viazi aliingia jikoni kwangu bila kupiga hodi. Alisema mke wa yule bwana amefariki alfajiri, maiti imeshapelekwa hospitali, lango liko wazi, na bwana amekaa ndani peke yake. Watoto wao wako ng'ambo. Ndugu wako Bukoba, na kutoka Bukoba mpaka Mbeya ni safari ndefu.

Niliacha nililokuwa nalifanya. Nikawasha moto, nikachemsha mayai, nikapika uji na maharage. Mume wangu alikwenda kwa balozi wa hapo mtaani Mbeya, kisha kwa yule Msangu. Kabla ya saa sita turubai lilikuwa limefungwa juu ya uwanja wa yule bwana, viti vimeletwa, muuguzi ameomba ruhusa kazini, bodaboda anabeba madumu ya maji. Mama wa viazi alimwaga gunia lake lote jikoni akaanza kumenya.

Nilimkuta mfiwa sebuleni amevaa koti na tai. Nikamwekea uji na yai. Alisema hana njaa, na kwamba atanipa ufunguo wa stoo nichukue mchele na mafuta, watu wasikae na njaa.

"Leo hatuchukui kitu chako, baba," nikamwambia. "Kesho utatupa. Leo unakula cha kwetu."

Alinitazama, kisha akashika kijiko. Alipofika nusu ya bakuli alianza kulia, na mimi nikakaa palepale. Baadaye aliuliza kwa sauti ya chini, "Ninyi ni wa kanisa gani?"

Nikamwambia sisi ni majirani zake. Akatazama dirishani, akawaona watu uwanjani, akaniuliza majina yao mmoja mmoja, na mimi nikamtajia.

Ndugu zake walipofika kutoka Bukoba, walikuja wamejiandaa kumkuta peke yake. Walimkuta amekaa chini ya turubai katikati ya wazee, yule Msangu amemfunika blanketi. Kaka wa marehemu alinivuta pembeni akataka kujua nani amelipia mambo yote haya. Nikamjibu kwamba hakuna wa kudaiwa. Mazishi yalifanyika palepale Mbeya, kwa matakwa ya marehemu, na mlimani kwetu watu walitoka nyumba ambazo hata mama wa viazi alikuwa hajawahi kuona zikifunguka.

Nilimtumia mzee ujumbe mrefu nikamsimulia yote. Jibu lake lilikuwa fupi, na sauti imeanza kutetemeka siku hizi. Alisema amewasomea wajukuu zake tafsiri ya ujumbe wangu mezani, na mmoja ameuliza Mbeya iko wapi.

Yule bwana sasa ni mtu wa Ijumaa. Mwanzo alikuwa anakaa pembeni. Siku moja alisema kwao Kagera ndizi hazipikwi kama tunavyozipika sisi, akasimama akaenda jikoni kutuonyesha. Zamu zimeanza kuzunguka: wiki hii kwetu, wiki ijayo kwa Wasangu, nyingine kwake, lango jeusi limefunguliwa pande zote mbili. Mume wangu, aliyesema nyumba itakuwa stendi, ndiye anayewapigia simu waliochelewa.

Ijumaa iliyopita sikuwepo. Nilikuwa Ubaruku kwa binti yetu, amejifungua, na mashine ya mpunga ilikuwa inanguruma mchana kutwa karibu na dirisha. Jioni nilimpigia mume wangu kujua nani amepika. Simu iliita mpaka ikakata. Nikampigia muuguzi, naye hakupokea. Yule bwana wa Kagera alipokea, nikasikia vyombo na watu wanaongea wote kwa pamoja, akaniambia tunakula, mama, tutakupigia, akakata. Nikaweka simu mezani, nikamchukua mjukuu wangu ili binti yetu naye apate kula.